Posta–Morogoro–Posta peke yako: namna ya kulivuka jiji kwa baiskeli

Nikisema natoka Dar naenda Morogoro na kurudi kwa baiskeli, watu huniuliza habari za malori ya Chalinze, majambazi na nyoka. Hakuna anayeuliza habari za Manzese. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 380, na ukiniuliza mimi, mbio zenyewe ziko kati ya Posta na Kibaha, mara mbili: unapotoka ukiwa na nguvu na haraka, na unaporudi ukiwa huna vyote viwili. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana mjini, na porini tutapita mbiombio.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Kimara, meza yangu iko Manzese, na baiskeli ndiyo usafiri wangu wa kila siku. Umri umeshanitoa kwenye kuitwa dada. Bodaboda wa kituoni kwetu wananiita mama mkubwa, na ninaitika.

Mbio hizi hazina mwandaaji wala medali. Kila mmoja wetu anaondoka siku yake, anapiga picha Posta, nyingine stendi ya Msamvu pale Morogoro, na nyingine Posta tena, kisha tunalinganisha muda. Kanuni tumeziazima kwenye mbio za kujitegemea za Ulaya kama Transcontinental Race iliyoanza 2013: hakuna gari la kukufuata, hakuna kujibanza nyuma ya mwendeshaji mwingine akukingie upepo, na chakula ununue pale ambapo mtu yeyote anaweza kununua. Tukaongeza moja ya kwetu, hakuna kushika lori. Vijana wa Dar mnajua ninachosema. Kikomo cha muda ni saa 27, kile ambacho waendeshaji wa masafa wa mtindo wa Kifaransa wanakitumia kwa kilomita 400 (kwa 200 ni saa 13 na nusu, kwa 600 ni saa 40). Yetu imepungua kidogo chini ya 400 lakini hatupunguziani muda. Foleni inafidia.

Panga saa kwa kuanzia mwisho

Wengi wanapanga kuanzia saa ya kuondoka. Anza na saa ya kurudi. Jiulize: nataka kuingia Kimara saa ngapi, nikiwa nimechoka, na barabara iwe na nani? Jibu langu ni alfajiri ya Jumapili, kabla ya saa kumi na mbili. Daladala bado chache, hakuna anayekimbilia kazini, na waliotoka baa wengi wao wameshafika makwao.

Ukihesabu kurudi nyuma, ratiba inajipanga yenyewe. Ondoka Posta Jumamosi saa kumi alfajiri. Kibaha saa kumi na mbili kasoro, wakati taa bado zinahitajika lakini anga inaanza kufunguka. Chalinze saa tatu na nusu, Morogoro saa nane na nusu mchana, Chalinze tena saa moja usiku. Hapo chukua chumba cha gesti, ulale. Saa sita usiku amka, Kibaha uwe saa kumi kasoro, na Posta kabla ya jua. Zinabaki kama saa moja na dakika chache za pancha na porojo.

Saa za kulala Chalinze ndizo ambazo vijana wanataka kuzikata, waendelee moja kwa moja wafike Posta saa saba usiku. Msizikate. Mike Hall, aliyeanzisha Transcontinental, aligongwa na gari akafa karibu na Canberra mwezi Machi 2017, asubuhi na mapema, akiwa kwenye mbio za kuvuka Australia. Huyo alikuwa bingwa, anayaelewa masafa kuliko sisi wote tukijumlishwa. Giza na mwendo wa magari havijali sifa za mtu, na ukiongeza usingizi juu yake unakuwa umejimaliza mwenyewe.

Kutoka mjini

Kuanzia Posta mpaka Kimara unafuatana na mwendokasi. Njia ya katikati ni ya mabasi, na hata saa kumi alfajiri ikiwa tupu inakuita kama sufuria ya pilau isiyo na mwenyewe. Usiingie. Mbali na kwamba ni kosa, basi likitokea nyuma huna pa kukimbilia, kingo zimekubana pande zote.

Njia ya baiskeli ya pembeni ipo, na alfajiri inatumika vizuri. Mchana ni ya meza za machinga, pikipiki na magari yaliyoegeshwa, kwa hiyo kama umechelewa kuondoka, isahau na ukae barabarani. Jangwani angalia hali kabla hujatoka nyumbani. Mvua ikiwa imepiga usiku kucha, bonde linajaa na barabara inaweza kufungwa. Ndiyo maana mimi siendeshi mbio hizi masika.

Magomeni mpaka Manzese, simu iondoe kwenye usukani. Wakwapuzi wa pikipiki hawahitaji zaidi ya sekunde moja. Mimi nimejishonea mkoba wa tumboni kwa kitambaa cha mwavuli, simu inakaa humo mpaka nipite Ubungo. Njia unaijua, hakuna haja ya ramani kukuonyesha Tip Top iko wapi. Askari wa doria wakikusimamisha, salamu kwanza, kisha kitambulisho cha NIDA, kisha maelezo. Ukianza na maelezo watadhani unatoroka kitu.

Sasa Ubungo, penye daraja la Kijazi. Hapa ndipo ninapotaka uwe macho kuliko mahali pengine popote wakati wa kutoka. Malori yanayotoka bandarini kwa barabara ya Mandela yanakata kushoto na kuungana na Morogoro Road, maana yake yanakuja kutoka kushoto kwako, yakiwa na kontena, na dereva anaangalia kulia kutafuta magari, wala hakutafuti wewe. Usijipenyeze kati. Kabla ya maungio, punguza mwendo, geuza kichwa kabisa (kioo cha usukani hakitoshi), na kama kuna lori linakuja, simama lipite. Ukipita wewe kwanza, nyoosha mkono, shika mstari mmoja usioyumba mpaka uwe umerudi kushoto kabisa. Lori la pili mara nyingi limeganda nyuma ya la kwanza. Hesabu mawili kabla ya kukanyaga pedali.

Baada ya hapo ni mlima wa Kimara, halafu Mbezi. Mabasi ya mikoani yanamwagika kutoka Stendi ya Magufuli alfajiri, na wewe unataka kuwa mbele yao, au wakupite kwenye barabara pana kabla ya Kibaha, si baadaye kwenye njia mbili. Kipande cha Kimara mpaka Kibaha kimepanuliwa na kina nafasi, lakini nafasi hiyo bodaboda wanaitumia kwa kuja kinyume chako, bila taa. Ukiona kivuli kinakuja pembeni, kaa kwenye mstari wako na upige kelele. Kengele haisikiki. Mimi natumia filimbi ya mwalimu wa michezo, iko shingoni.

Utawakuta pia wauza mkaa wakija mjini na magunia matatu nyuma, baiskeli ya chuma, breki za kuombea dua. Wasalimie, na uwaangalie wanavyopanda. Hawapiti upande wa kushoto wa daladala hata siku moja, kwa sababu mlango uko huko na abiria anashuka bila kutazama. Daladala ikisimama, wao husimama nyuma yake au huzunguka kulia wakiwa na hakika. Dalili ziko wazi ukizizoea: konda akitoa mkono dirishani au akigonga bati, gari linaenda kukata kushoto, hata kama indiketa haijawaka. Bajaji haina dalili. Ichukulie kwamba itageuka sasa hivi.

Njia mbili

Kutoka Kibaha kwenda Mlandizi, Ruvu, Vigwaza na Chalinze kanuni inayokulinda ni moja: taa mbili zikija kwenye upande wako, toka kwenye lami. Usibishane na basi linaloovateki. Kushuka ni rahisi. Kupanda tena ndiko kunakoangusha watu, maana ukingo wa lami umekatika kama ngazi. Usiupande kwa mshazari taratibu, tairi litateleza pembeni. Punguza mwendo, geuza usukani, upande ukiwa umeuelekea, au shuka kabisa unyanyue.

Pembeni mwa lami utaona mistari iliyobonyea na kuvimba kwa uzito wa malori. Chagua upande mmoja wa uvimbe na ubaki huo. Pancha nyingi za huku hazitokani na misumari, zinatokana na nyaya nyembamba za tairi za malori zilizopasuka. Beba kibano cha nyusi. Bila kibano utaweka tyubu mpya na waya uleule utaitoboa tena kabla hujafika Vigwaza. Kwenye mizani ya Vigwaza malori yanapanga foleni na utingo wanavuka ovyo, punguza.

Upepo wa kwenda mara nyingi unakusukuma kutoka baharini, na kurudi unautazama usoni. Kwa hiyo usijisifu Morogoro kwamba umewahi.

Chakula ni chepesi kukipata, ndiyo raha ya barabara hii. Lenga kama gramu 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi moja ya wastani ina karibu 27, kwa hiyo ndizi mbili na soda kidogo umefika. Chapati asubuhi, mahindi ya kuchoma Chalinze, nanasi likiwa msimu. Nyama choma iache mpaka Msamvu, na hata hapo vipande viwili tu. Maji lita moja na nusu kila unapojaza, weka chumvi kidogo na sukari, joto la Pwani litakukamua. Kwa kina mama wenzangu: sheli kubwa ndizo zenye vyoo vya maana. Usisubiri mpaka ushikwe, panga vituo kwa sheli. Na mafuta ya mgando yapake kabla ya kuondoka, usingoje mpaka umeshachubuka.

Vifaa kwa ufupi: tairi pana kidogo, milimita 32 au 35. Tyubu mbili, viraka, gundi, pampu. Taa ya nyuma mbili, moja ya kuwaka mfululizo na moja ya kumetameta, kwa sababu moja itazimika. Reflekta ya bodaboda inatosha, ila ishonwe ibane, isipeperuke ikafunika taa. Begi la kwenye fremu nimeshona kwa turubai la bango la zamani, halipitishi maji na lilikuwa bure.

Kuingia mjini

Kibaha, saa kumi kasoro, simama hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri. Kunywa kitu chenye sukari, osha uso, futa vioo vya taa, badilisha betri. Kisha jipime: taja kwa sauti vituo vya mwendokasi kutoka Kimara mpaka Fire bila kukosea. Ukikwama kati ya Baruti na Korogwe, lala dakika ishirini kwenye benchi la sheli, umwombe mlinzi akuamshe. Mlinzi wa usiku anapenda kuwa na kazi.

Mteremko wa kutoka Kimara kwenda Ubungo utakuzawadia mwendo ambao hukuupata usiku mzima. Ukatae. Watu wa asubuhi wameanza kuvuka kwenda vituo vya mwendokasi, wanakimbia, wanatazama basi. Vidole viwe kwenye breki tangu juu. Ubungo safari hii hatari imehama: magari ya kwenda Mwenge yanakukata kuelekea kushoto, mbele ya tairi lako. Nenda katikati ya njia yako kabla ya maungio, mkono nje, wakuone, uvuke, ndipo urudi pembeni. Atakayepiga honi ameshakuona, na hicho ndicho ulichokitaka.

Manzese kwenda Magomeni madaladala ya kwanza yanaanza. Umebaki na kilomita chache na saa inakwenda, na hapa ndipo watu huanza kupenya kushoto kwa daladala ili kuokoa dakika mbili. Kaa nyuma ya konda. Hizo dakika mbili ulishazipata Chalinze ulipoacha kuagiza chai ya tatu.

Picha ya mwisho Posta ipigwe ukiwa umeshuka, baiskeli imeegemea kitu, si barabarani. Kisha usirudi nyumbani kwa baiskeli. Muda umesimama, mwili nao umeshajua hivyo, na njia ni ileile. Tafuta kirikuu kabla, siku mbili tatu mapema, mkubaliane bei na saa, baiskeli ilale nyuma juu ya gunia na wewe ukae mbele na dereva. Mwambie mapema kwamba utalala njiani, asije akadhani umezimia akakupeleka hospitali.