Namna ya kutoa maoni yenye uzito kuhusu albamu ya miksi ya progresivu

Albamu ya miksi ni nyimbo za watu mbalimbali ambazo DJ ameziunganisha ziende mfululizo, na hausi ya progresivu ni muziki wa dansi wa kielektroniki unaojengeka polepole. Maoni mengi ya wasikilizaji kuhusu albamu za namna hii hayamsaidii mtu. "Kali sana." "Inaboa." "Sasha wa zamani alikuwa mwingine," wakimtaja DJ maarufu wa mtindo huu. Aliyesikiliza miksi nzima anakuachia maneno mawili, na aliyeonja dakika tano akaizima naye anakuachia mawili. Utawatofautishaje?

Mimi ni DJ, na nikitaka kununua miksi hutegemea sana masikio ya wenzangu kabla sijatoa pesa. Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni namna ninavyosikiliza mwenyewe na namna ninavyoandika, ili yule anayesoma apate kitu cha kushika. Shika jambo moja tangu sasa: unayempima ni mchanganyaji, si watunzi wa nyimbo. Nyimbo nzuri zikichanganywa ovyo ni miksi mbovu, basi.

Hatua ya 1: Pata miksi nzima, isiyokatika

Albamu hizi hugawanywa vipande ili kila wimbo uwe na namba yake, lakini sauti yenyewe inaendelea moja kwa moja. Shida ni kwamba baadhi ya programu za simu huweka kimya kidogo kati ya kipande na kipande, na nyingine hufifisha mwisho wa kimoja na kupandisha mwanzo wa kingine zenyewe. Ingia kwenye mipangilio uzime huko kufifisha, uwashe uchezaji usio na mapengo, na uhakikishe vipande vinafuatana kwa namba zake. Kuna watu wanamlaumu DJ kwa "kukata nyimbo vibaya" wakati aliyekata ni simu yao.

Usitumie spika ya simu. Haina besi, na progresivu bila besi ni nusu ya kazi. Hedifoni za kawaida zinatosha. Kama nyumbani kuna sabufa na majirani ni wavumilivu, bora zaidi.

Hatua ya 2: Mara ya kwanza, sikiliza bila orodha ya nyimbo

Ukiona jina la msanii unayempenda, sikio linaanza kumtetea kabla hajafika. Weka orodha pembeni.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Wengi wetu tumezoea miksi za matatu na za mtaani: DJ anapiga ubeti mmoja na kiitikio, anakata, anapiga kelele kwenye maiki, anahamia wimbo mwingine. Ni ufundi mkubwa, nami naupenda. Progresivu inakwenda kinyume kabisa. Wimbo hukaa dakika sita au saba, DJ hasemi neno, na robo saa ya kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Ukitoa hukumu hapo, utakuwa unailaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikukusudia kuwa. Acha ipite. Andika tu dakika inayoonekana kwenye kioo cha simu pale uliposhtuka, au pale ulipojikuta unafikiria mambo mengine.

Hatua ya 3: Hesabu, kisha sikiliza mipito

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayotenganisha maoni na kelele.

Muziki huu huenda kwa takriban midundo 120 hadi 130 kwa dakika, na umejengwa kwa mafungu ya midundo 32. Kwa kasi ya midundo 128, fungu moja ni sekunde 15 kamili, na mpito wa dakika moja, yaani kuhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, ni mafungu manne. Gonga meza kwa kidole, hesabu hadi 32, anza upya. Baada ya muda utaona kuwa karibu kila badiliko linaanguka kwenye mdundo wa kwanza wa hesabu: sauti mpya inaingia, ngoma inakata, kinanda kinarudi.

Sasa rudi kwenye mpito mmoja tu uusikilize mara kadhaa. Kwa kawaida wimbo mpya huingia ukiwa umenyimwa besi. Unasikia matoazi na labda mlio mwembamba juu ya wimbo unaocheza. Halafu, mwanzoni mwa fungu, DJ anashusha besi ya wimbo wa zamani kwenye miksa na kupandisha ya mpya. Kama amechelewa, besi mbili zinapigana na sauti inavuma kama ukungu mzito. Kama midundo haijalingana, ngoma kubwa inasikika mara mbili-mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa mikono miwili. Na kama funguo za sauti za nyimbo hizo mbili haziafikiani, utahisi kitu kimechacha hata kama huwezi kutaja noti.

Andika dakika na sekunde. Chagua mipito miwili mizuri na mmoja ulioharibika. Hutahitaji zaidi.

Hatua ya 4: Tazama mlima wote

CD hubeba dakika 74, au 80 ikijazwa sana. DJ wa mtindo huu klabuni anaweza kucheza saa sita au nane. Kwa hiyo albamu ni safari iliyofupishwa, na swali la kuuliza ni kama ufupisho wenyewe umefanikiwa. Ilianza chini kiasi gani? Kilele kiko wapi? Baada ya kilele kuna kushuka, au muda uliisha tu?

Ikiwa ni CD mbili, usizipime kwa kipimo kimoja. Mara nyingi moja ni ya kusikiliza na nyingine ni ya kuchezea. Anayelalamika kwamba CD ya kwanza "haina moto" huenda aliingia mlango usio wake.

Hatua ya 5: Jua ilitengenezwa lini na kwa vifaa gani

Fupi lakini muhimu. Mwaka 1994, Sasha na DJ mwenzake John Digweed walipotoa miksi yao ya CD tatu kwa jina la klabu ya Renaissance, DJ aliishi kwa santuri. Mwaka 2004 Sasha alitoa albamu ya Involver kupitia kampuni ya muziki ya Global Underground, na hiyo ni kazi ya namna nyingine: alichukua nyimbo za wengine, akazijenga upya moja moja, akaziunganisha kwenye kompyuta kwa programu ya Ableton Live. Ndiyo maana wasikilizaji wake hugawanyika hadi leo. Wapo wanaoiona albamu halisi ya msanii, na wapo wanaosema DJ amepotelea studioni. Binafsi niko na wa kwanza, ila naelewa kilio cha wa pili, kwa sababu hatari ya kukosea ndiyo nusu ya utamu wa santuri.

Ukijua hilo, hutaandika "midundo imelingana vizuri" kuhusu Involver. Kompyuta imelinganisha; hakuna cha kusifu hapo. Sifu alichofanya na sauti za waimbaji, au lalamika kwamba kila kitu ni laini mno.

Vivyo hivyo albamu ya Balance 014 ya DJ Joris Voorn, ya 2009: ameingiza nyimbo zaidi ya 100 katika CD mbili, vipande juu ya vipande. Ukiichambua wimbo kwa wimbo utachanganyikiwa bure.

Na kabla ya kuuliza "kwa nini hakuweka wimbo fulani?", kumbuka kwamba miksi inayouzwa inahitaji kibali cha mwenye kila wimbo. DJ huenda aliutaka kuliko wewe.

Hatua ya 6: Soma maoni ya wengine, ukiyachambua

Fanya hivi baada ya kusikiliza, kamwe si kabla. Kwa kila maoni jiulize: huyu alitaka nini? Aliyetaka muziki wa kuendeshea gari usiku na aliyetaka wa kuchezea watagombana kuhusu miksi ile ile na wote wawili wawe sawa. Anayesema "miksi za miaka ya tisini zilikuwa bora" mara nyingi anazungumzia ujana wake. Msikilize kwa heshima, usimtumie kama ushahidi. Mwenye kutaja dakika, hata kama hukubaliani naye, nenda kasikilize dakika hiyo.

Hatua ya 7: Andika

Sentensi tano au sita zinatosha. Taja ulisikilizia nini, ulikuwa unataka nini, mpito uliokukamata, mahali ilipolegea, na ungempa nani. Mfano niliojitungia, si wa albamu yoyote:

"Nimeisikiliza mara tatu kwa hedifoni, usiku. Nilitaka kitu cha taratibu, na CD ya kwanza imenipa. Dakika ya 31 wimbo mpya unaingia chini ya sauti ya mwanamke na unakaa pale mafungu sita kabla besi haijabadilika. Sikujua wimbo unabadilika hadi ulipokwisha kubadilika. Kuanzia dakika ya 50 nyimbo tatu zinafuatana zenye kinanda kile kile, nikachoka. Ukipenda miksi za haraka, anzia CD ya pili. Wa kuendesha gari usiku, usiiruke ya kwanza."

Mtu akikupinga, usibishane naye kuhusu ladha. Muulize ni dakika gani, kisha nenda ukaisikilize tena.