Jinsi ya Kumfikia na Kumwokoa Dereva Gari la Mashindano Linapowaka Moto

Gari la mashindano likigonga ukuta na kuwaka moto, msimamizi aliye karibu hutamani kulikimbilia papo hapo, na msukumo huo, ingawa ni wa utu, ndio wa kwanza kuzuiwa. Tarehe 5 Machi 1977, katika uwanja wa Kyalami nchini Afrika Kusini, kijana wa miaka 19, Frederik Jansen van Vuuren, alikatiza njia akiwa na mtungi wa kuzimia moto, mahali ambapo mwinuko uliwaficha madereva wasione mbele. Aligongwa na gari la dereva Tom Pryce, mtungi ukampiga Pryce kichwani, na wote wawili wakafariki palepale. Kwa hiyo usiingie njiani kabla bendera za njano za tahadhari hazijapepea, wala kabla mwenzako anayetazama magari yanayokuja hajakuruhusu.

Mavazi yasiyoshika moto, pamoja na glavu na kinga ya uso, yavaliwe tangu asubuhi, si baada ya mshindo. Huko Zandvoort, uwanja wa Uholanzi, mwaka 1973, dereva Roger Williamson alinaswa katika gari lililopinduka na kuwaka. Dereva mwenzake, David Purley, alisimamisha gari lake akahangaika peke yake kujaribu kulipindua, huku wasimamizi waliokuwa hapo, wasio na mavazi ya kuhimili moto, wakishindwa kusogea. Williamson alifia humo. Siwalaumu wasimamizi wale. Aliyewapeleka kazini bila kinga ndiye wa kuulizwa.

Ulikaribie gari upepo ukikupiga mgongoni, mkiwa wawili au zaidi, kila mmoja na mtungi wake. Wa kwanza aelekeze dawa ya kuzimia moto mahali alipo dereva ili kuisukuma miali mbali naye, na wa pili ashambulie shina la moto, yaani pale mafuta yanapovujia, akipeperusha mdomo wa mpira kushoto na kulia. Unga mkavu huangusha miali haraka lakini haupoozi chuma, hivyo moto unaweza kuwaka tena. Ndiyo maana povu hufuata, likafunika mafuta yaliyomwagika. Mtungi wa mkono huisha upesi mno, basi usiufungulie ukiwa ungali mbali. Pale magari yanapotumia methanoli, jihadhari zaidi, kwa kuwa miali yake haionekani vizuri mchana: ukimwona dereva akijipigapiga mwilini bila moto kuonekana, mmwagie maji mengi.

Wakati huohuo, mmoja wenu atafute alama mbili nje ya gari. Herufi E nyekundu ndani ya duara huonyesha mpini wa kuvuta ili kuwasha mfumo wa kuzimia moto wa gari lenyewe, na radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu huonyesha swichi ya kukata umeme. Gari lenye betri kubwa ya umeme lichukuliwe kuwa na umeme mpaka taa yake ya usalama ithibitishe vinginevyo, na lisiguswe bila glavu za mpira.

Sasa inakuja hukumu ngumu kuliko zote. Moto ukiwa umezimika na dereva anapumua, usimvute wala usimvue helmeti. Mshikilie kichwa kisiyumbe, zungumza naye, ungoje madaktari, kwa sababu shingo iliyovunjika huharibiwa zaidi na mikono yenye haraka. Lakini moto ukikataa kuzimika, mtoe kwa njia yoyote: chomoa usukani, zungusha kifungo cha mikanda, mshike makwapani, umvute juu. Tarehe 29 Novemba 2020, nchini Bahrain, dereva Romain Grosjean aligonga vyuma vya kinga vya kando ya njia kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, gari likakatika vipande viwili, naye akatoka motoni baada ya sekunde 27. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenaswa. Aliuvuta hadi kiatu kikabaki ndani, akajiinua kwa mikono iliyokuwa ikiungua. Hapo msimamizi mmoja alipuliza dawa kupasua miali, na daktari Ian Roberts akampokea akimsaidia kuvuka vyuma.

Dereva akishapelekwa, mmoja wenu abaki na mtungi uliojaa mpaka gari lipakiwe, na kila mtungi uliofunguliwa, hata kwa sekunde moja, ubadilishwe kabla mbio hazijaanza tena.