Jinsi ya kuomba ufadhili wa kazi za sera ya nishati safi, kwa vikundi vya Mtwara na Lindi

Wadau wa Kusini, mkiomba hela ya sera msianze na majiko mangapi mtagawa, anzeni na uamuzi gani mnataka ubadilike na nani anauamua. Mfano serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, sasa nendeni jikoni shule ya bweni hapo Newala au Nachingwea, muulizeni mpishi kuni za wiki ni shilingi ngapi, gesi ingekula ngapi, alafu muangalie halmashauri imetenga nini kwenye bajeti. Mfadhili akiona hesabu hiyo anaelewa haraka sana. Na inauma kwakweli, gesi inatoka hukuhuku kwetu, Mnazi Bay (Mtwara) na Songosongo (Lindi), mama lishe bado anapuliza mkaa, liandikeni wazi.

Usajili wa NGO uwe hai. Hela ikizidi milioni 20 mkataba unapelekwa kwa msajili ndani ya siku 10, hapo msizembee.

Taasisi binafsi za ufadhili za Marekani sheria yao haiwaruhusu kutenga hela ya kushawishi muswada fulani, kwahiyo ombeni ya utafiti na elimu kwa wananchi, na mfanye hivyohivyo kweli.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, matokeo yenu yawafikie madiwani kabla hawajapitisha bajeti, ukichelewa hapo unasubiri mwaka mzima.