Jinsi ya kutunza uzito wa mgonjwa anapopata mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya umio

Si kila aliyeondolewa umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hupangiwa mionzi. Daktari huipendekeza hasa pale majibu ya maabara yanapoonyesha kwamba seli za saratani zilibaki kwenye ukingo wa sehemu iliyokatwa, au zimeingia kwenye tezi za limfu (tezi ndogo za kinga ya mwili), na mgonjwa hakupata mionzi kabla ya upasuaji. Ombeni nakala ya majibu hayo na kwenda nayo kliniki, kwa kuwa ndiyo msingi wa uamuzi wote.

Mionzi huanza kidonda kikishapona. Dozi ya kawaida ni Gy (grei, kipimo cha mionzi) 45 hadi 50.4, ambayo hugawanywa katika vipindi 25 hadi 28, siku 5 kwa wiki. Watu husema mgonjwa "anachomwa mionzi", na neno hilo limewatisha wengi. Ukweli ni kwamba akilala chini ya mashine hasikii maumivu, na akirudi nyumbani habebi mionzi mwilini, hivyo anaweza kumpakata mjukuu wake bila hofu.

Kabla ya kuanza, hupigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili) na kuchorwa alama kwenye ngozi, ambazo hazipaswi kusuguliwa wakati wa kuoga. Mpango wa mionzi hufuata umbo la mwili wa siku hiyo. Mgonjwa akikonda sana, mpango huenda ukarudiwa, na akidhoofika hadi tiba ikakatizwa, saratani hupata nafasi. Ndiyo maana nasisitiza chakula kuliko jambo lingine lolote. Mpimeni uzito kila wiki, kwa mizani ileile.

Baada ya upasuaji, mfuko wa tumbo huwa umevutwa kifuani kuchukua nafasi ya umio, kwa hiyo sahani iliyojaa haina pa kukaa. Mpeni chakula kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku. Uji wa ulezi upikwe kwa maziwa, uongezwe karanga zilizosagwa hadi zikalainika kabisa, kisha upoe mpaka tone lake likidondoshwa nyuma ya kiganja lisichome. Sukari iwe kidogo, kwani ikizidi chakula hushuka upesi utumboni na mgonjwa hutokwa jasho huku moyo ukimwenda mbio. Parachichi lililopondwa, mtindi na mayai laini vinafaa pia. Maji anywe kati ya mlo na mlo, akae wima baada ya kula, na usiku alale kichwa kikiwa kimeinuliwa.

Kuanzia wiki ya 2 au ya 3, kumeza huweza kuuma. Msisubiri aache kula: mwelezeni daktari siku hiyohiyo, na dawa ya maumivu atakayoandikiwa anywe karibu nusu saa kabla ya mlo. Pilipili, ndimu, pombe, sigara na chai ya moto sana viachwe. Kama ana mpira wa kulishia tumboni, usiondolewe kabla ya kushauriana na daktari, hata kama kwa sasa anakula vizuri.

Homa, kutapika damu, kupumua kwa shida au kushindwa kumeza hata maji ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Maumivu ya kumeza huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kipindi cha mwisho, na kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi kinaweza kuja miezi michache baadaye. Daktari atakayemwona wakati huo aambiwe kwamba kifua kilipigwa mionzi.