SOMO: Funga barua pepe, laini na WhatsApp kabla tapeli hajakupigia

Akaunti nyingi za WhatsApp na za pesa za simu zinazoporwa kwetu haziporwi kwa mitambo ya ajabu. Mwenye akaunti anapigiwa, anaambiwa "samahani, kuna namba imekuja kwako kimakosa, hebu nisomee", naye anaisoma, kumbe ndiyo namba ya kufungulia akaunti yake. Ndiyo maana sitaishia kukwambia uwe makini. Umakini hukatika: una mgonjwa wodini, wateja wamejaa dukani, simu inaita, unajibu bila kufikiri. Nimezipanga hatua hizi ili hata siku ukiteleza na kutoa namba moja, hiyo moja isimtoshe mwizi. Zifuate kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Barua pepe

Anza hapa, hata kama huitumii. Ukisahau nywila ya Facebook au ya Instagram, njia ya kuirudisha hutumwa kwenye barua pepe. Anayeishika hiyo anaweza kubadilisha nywila za vingine vyote ukiwa umelala. Na wengi wetu barua pepe zetu zilifunguliwa na kijana wa dukani siku tuliponunua simu. Nywila anaijua yeye. Kama ndivyo, ibadilishe leo.

Nywila nzuri ni ndefu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 haipendekezi watu walazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani. Inatilia mkazo urefu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa muundo kama "kibatari embe reli shangazi" (hii yenyewe usiitumie, imeshasomwa na watu). Usichukue methali wala mstari wa taarabu. Programu za kubahatisha nywila hulishwa sentensi zinazojulikana, na "haraka haraka haina baraka" inajulikana.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia aulizwe nywila na kitu cha pili, kama namba inayokuja kwenye simu yako. Kama barua pepe yako ni ya Gmail, Google itakupa namba 10 za akiba za kuingilia siku simu ikipotea. Ziandike kwenye karatasi, uzihifadhi pamoja na vyeti vyako. Naomba sana usiiruke sehemu hii: simu ikiibwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani.

Hatua ya 2: Laini

Namba ya kufungulia skrini hailindi laini. Mwizi anaichomoa, anaichomeka kwenye simu nyingine, meseji zako zote zinaingia kwake. Nenda kwenye mipangilio ya usalama ya simu, tafuta sehemu ya kufunga SIM, uweke PIN. Kabla ya kugusa, ulize mtandao wako PIN ya mwanzo ni ipi, usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ndefu ya kuifungulia ambayo mtandao wako unayo. Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

Halafu piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba hiyo inafanya kazi Tanzania, na Kenya kwa wateja wa Safaricom. Ukikuta laini usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika wakaifute, maana ikitumika kutapeli, jina litakalosomeka ni lako. Wa Safaricom wapige pia *100*100#, ambayo huzuia laini yako kubadilishwa (yaani namba yako kuhamishiwa kwenye laini nyingine) bila wewe mwenyewe kufika dukani kwao.

Hatua ya 3: WhatsApp

Ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita, na uongeze barua pepe uliyoifunga kwenye hatua ya 1. Sasa tapeli akikulaghai ukamsomea namba ya meseji, bado ataulizwa PIN ambayo haiji kwa meseji.

Kisha fungua Vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoitambua, itoe. Wanaofuatiliwa na watu wa karibu, mume, mke au bosi, mara nyingi hufuatiliwa kupitia hapa: mtu alishika simu dakika moja tu, akaiunganisha na kompyuta yake.

Hatua ya 4: Simu zinazoelekezwa kwingine

Hii haisemwi vya kutosha. Tapeli anajifanya wa huduma kwa wateja, anakwambia "piga **21*, halafu namba hii, malizia na #, tukuongezee kasi ya intaneti". Ukipiga, simu zako zote zinaanza kwenda kwake. Anaomba WhatsApp imtumie namba kwa simu ya sauti badala ya meseji, na anaipokea yeye. Kagua sasa hivi kwa *#21#. Kufuta uelekezaji wote, piga ##002#.

Hatua ya 5: Masasisho

Simu au kompyuta ikidai sasisho, ipe. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni ambao hawakuiweka.

Hatua ya 6: Kwa wenye biashara na wahasibu wa ofisi

Ikija barua pepe kutoka kwa msambazaji wako ikisema "tumebadilisha akaunti ya benki", usilipe. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Weka pia utaratibu kwamba malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili, kila mmoja kwa nywila yake.

Usidhani haya ni ya maduka madogo. Mwezi Februari 2016 wezi walijaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa New York, na wakafanikiwa kuondoka na milioni 81. Kwa maelezo ya wachunguzi wa Marekani, safari yao ilianza na barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zenye kiungo cha kufungua wasifu wake. Kwa hiyo mpokea barua wa ofisi anastahili mafunzo sawasawa na mkuu wa kompyuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye duka la vifaa, Tanga: Fundi, mimi WhatsApp imeshaondoka. Wanawaomba ndugu zangu pesa kwa jina langu. Nifanyeje?

Pole sana ndugu yangu. Kwanza mtumie mtu mmoja awatangazie kwenye makundi yote ya familia. Wewe fungua WhatsApp upya kwa namba yako, uweke namba itakayokuja kwa meseji. Papo hapo mwizi anatolewa nje. Kama aliweka PIN yake utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini yeye pia hayumo tena.

Mwanachama wa Dodoma: Juzi mtandao ulikatika ghafla wakati jirani yangu wa mtandao uleule anapata. Ni kawaida?

Inaweza kuwa hitilafu tu, lakini usingoje. Azima simu, piga huduma kwa wateja, uliza kama laini yako imebadilishwa. Ikiwa imebadilishwa, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa hapo hapo, kisha ukatoe taarifa polisi.

Mwanachama wa Nairobi: Mwezi Julai 2023 eCitizen ililala siku kadhaa. Taarifa zetu ziliibwa?

Serikali ya Kenya ilikiri shambulio na kusema hakuna taarifa zilizopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudani. Silaha ya kundi hilo ni kuifurikisha mitambo kwa maombi ya uongo hadi ishindwe kuhudumia wa kweli. Hiyo ni tofauti na kuiba kumbukumbu, ingawa anayehitaji pasipoti siku hiyo anaumia vilevile.

Mwanachama wa Mwanza: Apu ya mkopo imechukua namba zote za simu yangu, sasa wanawatukana watu wangu.

Ukiifuta haitarudisha walichochukua, ila ifute na uondoe ruhusa zake. Hifadhi picha za meseji hizo kama ushahidi. Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni; angalia kama yako imo, na uwaandikie. Kabla ya kukopa tena, hakiki leseni kwanza.

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo fundi. Mama yangu anatumia kitochi tu, hajui kusoma vizuri. Haya yote yanamhusu?

Marahaba mwanangu. La PIN ya laini linamhusu, mwekee wewe. La pili, kaa naye mfanye mazoezi ya kutoa pesa kwa wakala bila kumtajia wakala namba ya siri; wengi wa rika lake huitaja kwa sauti kwa kuwa hawaoni vizuri. Mkubaliane kwamba meseji yoyote ya "ile pesa tuma kwa namba hii" hailipwi mpaka akupigie wewe kwanza. Zikimfikia, ziripoti kwa 15040 mkiwa Tanzania. Ndugu walioko Kenya kwenye Safaricom wazitume kwa 333.