Usimapu faindingi moja moja, mapu namba ya CWE

Wale mnaoskani kodi kutafuta matundu ya usalama halafu odita anataka kujua kila tatizo linagusa kipengele gani cha viwango vya usalama, msikae mnajaza eksel mstari kwa mstari, mtakesha bure. Skana nyingi zinatoa namba ya CWE (orodha ya aina za udhaifu wa programu) kwa kila faindingi, yaani kila tatizo zilizolikuta, so tengeneza jedwali moja tu la CWE kwenda kwenye vipengele, faindingi zikija hata 400 zinajipanga zenyewe. Mfano CWE-89, ile SQL injekshen (mtu anapenyeza amri zake kwenye databesi), inaenda PCI DSS 4.0.1 (kiwango cha usalama wa kadi za malipo) kipengele 6.2.4, kwa viwango vingine vya usalama, NIST 800-53 ni SI-10, ISO 27001 ya 2022 weka 8.28. Paswadi iliyoachwa ndani ya kodi ni CWE-798, hiyo kwa PCI angalia 8.6.2 (kwa kweli hii ndo inaumbua watu wengi).

Halafu kwenye jedwali weka kolamu ya toleo la kiwango jamani, OWASP Top 10 (orodha ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti) ya 2017 injekshen ilikuwa A1, ya 2021 ikashuka A03, usipoandika mwaka ripoti ya zamani inakugeuka. Na skani ikitoka safi usitiki kipengele kizima, 6.2.4 ya PCI inataka pia uonyeshe madevelopa wanafanyaje kuzuia hayo mambo, sio ripoti ya skana peke yake.