Kabla hujaizima swichi, soma `show boot`

Mafundi wa Kigoma mnaotunza swichi za Cisco Catalyst 2960 (vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao): msisubiri umeme ukatike usiku ndipo mjue faili la kuwashia limekosewa. Anzeni na `dir flash:`, amri inayoorodhesha mafaili yaliyo kwenye kumbukumbu ya swichi (flash). Faili la .bin, yaani programu inayoiwasha swichi, mara nyingi limo ndani ya folda, si juu kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaandika jina la faili bila folda yake. Nakili jina lote, usiliandike kwa kukumbuka:

`boot system flash:/folda/faili.bin`

Flash ikiwa na nafasi, ongeza faili la akiba baada ya nukta-mkato (;), bila kuacha nafasi. Kisha `write memory` ili kuhifadhi, halafu `show boot` ili kuona faili lililowekwa la kuwashia. Linganisha mstari wa BOOT na jina ulilonakili, herufi kwa herufi.

Jina likikosewa, swichi hutafuta faili lolote inaloweza kuliwasha, hata toleo la zamani, nawe usigundue upesi. Isipolipata, inabaki kwenye `switch:`, sehemu ya kuandika amri kabla swichi haijawaka. Unganisha waya wa konsoli (unaotoka kompyuta yako hadi swichi), kasi 9600, andika `flash_init`, `dir flash:`, kisha `boot` na njia kamili ya faili. Ikishawaka, rekebisha BOOT siku hiyohiyo.